Dola 95 juu ya kabateri kamoja: yale BIOS ya mashini ya zamani ilinifundisha

Wiki iliyopita dada mumoja wa Kadutu aliniletea mashini yake ya mezani, amefika na machozi juu walimwambia diski imekufa anunue ingine, na ndani kuna hesabu za duka lake za mwaka muzima. Mbele ya kushika turnevisi nilimuuliza swali moja tu: asubuhi ukiiwasha, saa inasema mwaka gani? Akasema inasemaka 2008, lakini iyo si shida, shida ni diski. Nikafungua kifuniko, nikatosha kale kabateri ka mviringo, nikapima. Volti 1.4, na kapya kanapaswa kuwa na 3. Nilisikia uchungu, juu mi mwenyewe mu 2019 iyo swali hakuna mutu aliniuliza mapema, na nililipa pesa mingi mbele ya kuelewa. Njo maana naandika, kama uko na mashini ya zamani ku nyumba ao ku kazi, soma mbele utoe pesa.

Nilikuwa na kanyumba ka fotokopi pale Nyawera, hapa Bukavu. Meza mbili, mashini moja ya fotokopi, printa moja, watu wanakuja kupigisha barua na CV, na wanafunzi wanaleta TFC zao, ile kazi ya kuandika ya kumaliza masomo, kila mwisho wa mwaka wa masomo. Kompyuta nilinunua okazioni ku soko, dola 130, ile ya mezani yenye ilitoka maofisi za Ulaya, prosesa Core 2 Duo, RAM giga 2, diski giga 160, Windows 7. Marke sitaitaja juu shida haikuwa marke. Muuzaji aliiwasha mbele yangu, ikawaka, nikalipa. Sikufungua, sikuangalia tarehe, sikuuliza kama kabateri ka ndani kalishabadilishwa. Mashini ilikuwa na miaka 10, na kabateri kalikuwa kale kale ka siku ya kwanza.

Mu Septemba 2019 ikaanza. Jioni nikifunga kazi nazimaka multiprizi yote, juu naogopa umeme ukirudi usiku na nguvu unachoma vitu. Asubuhi nikiwasha, mbele ya Windows kunakuja ekrani nyeusi na maandishi meupe, Kiingereza, inasema checksum ya CMOS si sawa, ni kusema mapangilio ya mashini yamepotea, bonyeza F1 uendelee. Nabonyeza F1, Windows inafunguka, kazi inaenda. Nikazoea. Miezi miwili muzima nilikuwa nabonyeza F1 kila asubuhi kama vile mutu mwenye kukohoa kila siku na hataki kwenda ku daktari.

Lakini tarehe ilikuwa inarudi 1 Januari 2009 kila asubuhi. Siku zingine nakumbuka kuirekebisha, siku zingine watu wamejaa ku mulango sikumbuki. Siku moja nikapigia muzee mumoja barua ya kuomba kazi ya mutoto wake, tarehe iliingia yenyewe juu nilikuwa nimeweka ile ya otomatiki, mi sikuangalia, yeye naye hakuangalia. Akaenda nayo ofisini kule juu, kwa miguu, na mvua ya asubuhi. Akarudi saa sita, viatu vimejaa udongo, karatasi ameikunja vizuri mu plastiki, akaniambia pole pole tu, "Mwanangu, wamenirudisha juu ya tarehe yako." Hakunifokea. Ingekuwa bora anifokee. Nilimupigia ingine bila kulipa, nikamupa na franka za motari, lakini ule uso wake sijausahau.

Intaneti nayo ikaanza kukataa. Kurasa karibu zote zinasema muunganisho si salama. Nikaunga mega, nikaizima modemu na kuiwasha, nikalaumu mutandao. Kumbe kila saiti yenye kuanza na https iko na cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, na mashini yenye inaamini tuko mu 2009 inaona vyeti vyote kama vile bado havijaanza kutumika, njo inakataa. Ukiona saiti zote zinakataa kwa mara moja, angalia kona ya chini ya ekrani, pale penye saa, mbele ya kununua mega.

Nikaita kijana mumoja tekinisie. Akaangalia dakika tano akasema ni virusi, inaomba kuformate. Dola 15. Hakuniuliza kama kuna mafaili ya watu, na mi sikusema, niliwaza ataweka pembeni. Akafuta diski yote. Kisha kitu kimoja sikujua ile siku: mbele ya kuweka Windows mupya aliingia mu BIOS, kale kaprogramu ka kuamusha mashini, akabadilisha namna diski inaongea na mashini, kutoka IDE kwenda AHCI, juu AHCI inaendaka mbio kidogo. Si kosa, mafundi wengi wanafanyaka vile. Lakini aliibadilisha mu mashini yenye kabateri kamekufa.

Mu yale mafaili kulikuwa na TFC tatu. Mwanafunzi mumoja alikuwa na yake ku kle USB, wa pili alikuwa ameituma mu emaili, wa tatu hakuwa na kitu, ni mi nilikuwa nayo peke yangu, kurasa 41. Yule binti alikaa ku kiti akanyamaza. Alibaki tu na karatasi za zamani zenye direkitere wake alikuwa amejaza kalamu nyekundu. Tuliandika upya usiku ine, yeye anasoma, mi napiga, fasi zingine ile nyekundu imepita juu ya maneno hatusomi vizuri, anafunga macho anajaribu kukumbuka sentensi yake mwenyewe. Muke yangu alikuwa anatuletea chai. Alimaliza siku moja mbele ya kudepoze. Tangu ile siku faili ya mutu haibaki mu mashini yangu peke yake, hata usiku moja.

Na ile asubuhi yenye kufuata kuformate nini ilitokea? Niliwasha, F1 tena, kisha Windows inaanza, rangi zinakuja, halafu paaa, ekrani ya buluu na namba 0x0000007B. Nikaizima, nikaiwasha, buluu. Nikamupigia kijana simu, akasema diski imekufa. Nikanunua ingine, dola 35, akaja kuweka Windows, dola 5, akaingia tena mu BIOS akaweka AHCI kama kawaida yake. Ikatumika siku muzima, muzuri sana. Jioni nikazima multiprizi. Asubuhi: F1, buluu, 0x0000007B. Diski mupya! Akaniambia basi ni plaki, ile karte-mere, tafuta mashini ingine. Nilikaa pale mbele ya mulango wangu na watu wanapita wanauliza fotokopi, na nilikuwa nawaza nitasema nini ku nyumba.

Jirani wa kuuza viatu njo alinituma kwa papa fundi wa Panzi, mutu wa zamani wa maradio na matelevizio. Kile kilinigusa ni kwamba hakukimbilia turnevisi. Aliweka mashini ku meza, akakaa, akaanza kuuliza. Unazimaka ku kibonyezo chake tu ao ku multiprizi? Saa inasema nini asubuhi? Kuna kitu inaandika mbele ya Windows? Ile siku yenye ilitumika muzuri, ulikuwa umeizima katikati? Nikamueleza yote. Akasema, "Mwanangu, hii mashini haiko mugonjwa, inasahau."

Kisha akanieleza, na nitajaribu kusema kama alivyosema. BIOS ni kaprogramu kadogo kenye kukaa mu chipi ku plaki, si mu diski. Ukibonyeza kuwasha, yeye njo anaamuka wa kwanza, kama mama mu nyumba, anaangalia nani yuko na nani hayuko: prosesa iko, RAM iko, klavie iko, diski iko. Akimaliza ile ukaguzi njo anaamusha Windows. Ile kaprogramu yenyewe haiombi bateri, imeandikwa mu chipi, inabaki hata miaka. Lakini mapangilio yenye wewe unachagua, saa, tarehe, diski gani ya kwanza, IDE ao AHCI, hayo mu mashini za zamani yanakaa mu kumbukumbu ingine kadogo sana yenye wanaita CMOS, na ile inasahau kama haina umeme. Kama mashini imechomekwa ku ukuta, inakula umeme kidogo wa ukutani hata ikiwa imezimwa. Ukizima multiprizi, inabaki na kabateri tu. Kabateri kakiwa kamekufa, inasahau yote, inarudi ku mapangilio ya kiwanda, na njo unaona F1.

Alinieleza na historia, juu anapendaka. IBM PC ya kwanza ya 1981 haikuwa na iyo kumbukumbu, ulikuwa unafungua unasukuma vibonyezo vidogo ku plaki kuiambia iko na RAM ngapi na ekrani gani. Ile ya 1984, PC/AT, njo ilileta saa na kumbukumbu ya kushikiliwa na bateri, na ile mupango umebaki mu mashini zetu miaka na miaka. Nikamuuliza kama virusi inaweza kuingia mu BIOS. Akasema ndiyo, ilishafanyika, virusi yenye wanaita CIH, tarehe 26 Aprili 1999 ilifuta chipi za BIOS za watu wengi wenye Windows 95 na 98, lakini akasema usianze kuwaza virusi mbele ya kupima kitu cha dola moja.

Akapima. Volti 1.9. Kapya kanapaswa kuwa na 3 na kidogo juu, kakishuka chini ya 2.7 ao 2.8 badilisha tu usingoje. Akanituma kununua CR2032. Nikaenda ku soko, nikarudi na kamoja, akakapindua, akaniwekea ile ya zamani pembeni ku kiganja. Upana ule ule. Lakini yangu ilikuwa nyembamba. Ilikuwa CR2025. Zile namba zinasema vipimo: 20 ni milimita za upana, 32 ni milimita 3.2 za unene, 25 ni milimita 2.5. Volti ni zile zile 3, kwa hiyo unaweza kuiweka na inaingia, lakini haishikwi muzuri mu kikalio chake, ukigonga meza tu mashini inaweza kusahau tena. Nikarudi kununua ya kweli, franka 2000, na akapima na hiyo mbele ya kuiweka, juu zingine zinakaa miaka ku jua mbele ya duka zinafika kwako zimeshachoka.

Namna ya kuibadilisha: tosha kamba ya umeme ku mashini yote, si kuzima tu. Bonyeza kibonyezo cha kuwasha sekunde kama kumi kusudi umeme wenye umebaki ndani uishe. Shika chuma ya sanduku mbele ya kugusa plaki. Kabateri kanashikwa na kachuma kadogo ka pembeni, kasukume na ukucha ao kiplastiki, kabateri kanaruka kenyewe. Usiingize turnevisi chini unyanyue kwa nguvu, nimeona vikalio viwili vimevunjika vile. Upande wenye alama ya kuongeza na maandishi unaangalia juu.

Halafu akaingia mu BIOS. Kila kiwanda iko na funguo yake na unabonyeza haraka haraka mara tu ekrani inawaka: Dell ni F2, HP za maofisi ni F10, Lenovo za mezani ni F1, zile za kuunganishwa na mafundi mara mingi ni Delete. Akatosha simu yangu mu mukono wangu, akapiga foto ya kila ukurasa, kila moja, hata zile zenye hakuna kitu. Kisha akaweka tarehe, akaenda fasi ya SATA, ile ya diski, ilikuwa imeandikwa IDE, akaweka AHCI, akahifadhi, akatoka.

Windows ikafunguka. Akatosha ile diski mupya, akaweka diski yangu ya kwanza, yenye walisema imekufa. Ikafunguka nayo.

Nilifurahi dakika moja, kisha nikakumbuka dola 35. Muuzaji wa diski alikataa kurudisha, na siwezi kumulaumu, ilikuwa muzima. Hii njo fasi yenye nataka uelewe muzuri, juu njo watu wengi wanapotezea pesa: Windows 7 ikiwekwa wakati mashini iko mu AHCI, inatayarisha tu dereva ya AHCI, kale kaprogramu ka kuongea na diski kwa iyo njia. BIOS ikisahau ikarudi IDE, Windows inaanza, inatafuta diski yake kwa ile njia inajua, haioni, inaanguka na 0x0000007B. Windows 10 inaandika kwa maneno kwamba haifikii diski ya kuanzia, lakini ugonjwa ni ule ule. Diski haina kosa. Kwa hiyo ukiona iyo namba, na saa iko ya zamani, usinunue kitu. Ingia mu BIOS, angalia iko IDE, AHCI ao RAID, jaribu ile ingine. Ni bure. Na kama unataka kubonyeza ile ya kurudisha mapangilio ya kiwanda juu ulisikia inatengeneza kila kitu, piga foto kwanza, juu unaweza kujiletea iyo buluu wewe mwenyewe.

Kitu kingine alinionyesha na kwa sisi wa hapa ni lazima: kuna fasi ya kuchagua mashini ifanye nini umeme ukikatika na kurudi. Yangu ilikuwa inawaka yenyewe. Hapa umeme unaweza kwenda na kurudi mara tano mu saa moja, na kila mara diski inaanza na kukatwa katikati. Weka ibaki imezimwa mpaka mutu abonyeze.

Papa fundi alilomba dola 5 tu. Ningemalizia pale, hii hadithi ingekuwa ya bei ndogo.

Januari 2020, tarehe 14, Microsoft iliacha kutolea Windows 7 masahihisho. Nikaogopa, nikaamua kwenda ku Windows 10, nikasoma fasi moja kwamba ni vizuri kuapdeti BIOS kwanza. Kusema kweli haikuwa lazima. BIOS yangu ilikuwa inatumika, hakuna kitu ilikuwa inakataa. Lakini nilikuwa nimeonja kujua kidogo, na nikawaza sasa naweza. Nikatosha faili ku saiti ya kiwanda, modeli ile ile, nilihakikisha namba. Nikaifungua ndani ya Windows, mashini inatumika na umeme wa ukutani, hakuna ondulere, kile kifaa cha bateri chenye kushikilia mashini umeme ukikatika. Saa sita ya mchana. Kamustari ka kuonyesha kazi kakafika kama nusu na kidogo. Umeme ukakatika.

Sisi tunaishi pembeni ya muto Ruzizi, unasikia maji yenye inazungusha mitambo ya umeme, na kila mutu wa Bukavu anajua umeme unakatika saa sita. Nilijua. Niliwaza tu kwamba dakika tatu ni kidogo.

Uliporudi nikabonyeza kuwasha. Vantilatere zikazunguka. Ekrani nyeusi, hakuna maandishi, hakuna mulio, hata taa ya klavie haikuwaka. Nikatosha bareti za RAM nikazifuta na gome ya shule, ile raba, hakuna. Nikatosha kabateri usiku muzima, nikahamisha na kale kakofia ka plastiki ka kufutia CMOS ku plaki, hakuna. Leo najua kwa nini: kufuta CMOS kunafuta mapangilio, na shida yangu haikuwa mapangilio, kaprogramu kenyewe kalikuwa kameandikwa nusu. Yule mama wa kuamusha nyumba hakuwepo tena. Plaki zingine ziko na BIOS ya pili ya kusaidia, Gigabyte kwa mufano ziko na DualBIOS, na zingine zenye BIOS ya kiwanda Award zinabakizaka kipande cha kuanzia chenye kinaweza kusoma disketi ya kuokoa. Yangu haikuwa na kitu.

Nilirudi Panzi na haya. Papa fundi hakunisema, alinyamaza tu, kisha akasema tutaandika chipi kwa mukono, lakini sina kifaa. Kuna kakifaa kadogo ka USB ka kuandika chipi kenye wanaita CH341A, na klipi ya kushika chipi ya miguu 8 bila kuitosha ku plaki. Tuliagizia kwa mutu mwenye kupitaka Kigali, dola 20 pamoja na njia, wiki tatu. Wiki tatu bila mashini. Watu wa TFC walienda kwingine, na bamoja hawakurudi tena.

Siku ya kazi nilisimama pembeni yake. Chipi ilikuwa kadogo kuliko punje ya haragi, maandishi yake yanaanza na 25, na ku kona iko na kadoa, pale njo mguu wa kwanza, na waya nyekundu ya klipi lazima ikae upande wa kale kadoa. Kabateri tulitosha, kamba ya umeme tulitosha. Alisoma kwanza chipi nzima na kuihifadhi mu laptopu yake. Nikamuuliza kwa nini unasoma kitu chenye kimeharibika? Akasema mu kipande chenye hakikuguswa kunaweza kubaki namba ya seri ya mashini na anwani ya kadi ya mutandao, ukizifuta hutazipata fasi ingine. Akasoma mara ya pili akalinganisha. Zilikuwa tofauti. Akatosha klipi, akasugua miguu ya chipi na mswaki na alkoli, akaishika tena, akasoma mara mbili. Sasa zikalingana. Mara ile tu njo alikubali kuandika, alisema kama kusoma hakulingani, kuandika nako kutakuwa uongo.

Na faili si ile ile yenye nilitosha ku saiti, juu mara mingi ile ni pakiti ya programu ya Windows, BIOS iko ndani yake, lazima uitoshe mpaka ukubwa wake ulingane na chipi. Yetu ilikuwa mega 4 kamili. Tena angalia volti za chipi, ziko za 3.3 na ziko za 1.8 mu mashini za siku hizi, ukipeleka 3.3 ku ya 1.8 umeichoma.

Ilichukua dakika chache. Mbele ya kuwasha akachomeka kaspika kadogo ku plaki, ka nusu dola, juu mashini yangu haikuwa nako na nilikuwa naangalia ekrani nyeusi bila kujua inalia ao hailii. Kama mashini yako haina, tafuta. BIOS inaongea na milio mbele ekrani iwake: mu mashini za Award mulio murefu mumoja na mifupi miwili ni shida ya kadi ya picha, mu HP nyingi za maofisi milio mitano na taa nyekundu ni RAM, na kila kiwanda iko na yake, andika ya kwako. Kimya na vantilatere zinazunguka, pale njo unaanza kuwaza BIOS ao prosesa.

Akabonyeza. Sekunde mbili, tatu. Kisha kamulio kamoja kafupi. Papa fundi akapiga makofi mara moja. Mi nilitoka inje kidogo, nikasimama pale ku uchochoro mpaka macho yakauke.

Alilomba dola 15. Ukiunganisha: kuformate 15, diski 35, Windows ya pili 5, papa fundi mara ya kwanza 5, kifaa 20, kuandika chipi 15. Dola 95, mashini yenyewe 130, na sijahesabu wiki tatu wala yule binti wa kurasa 41. Nyuma yake nilinunua na ondulere ya okazioni. BIOS sikugusa tena kuiapdeti mpaka leo, na Windows 10 ilikubali kuingia na ile ile.

Basi, yule dada wa Kadutu. Kabateri kapya, franka zake za sasa, volti 3.1, nilimupimia mbele ya macho yake. Foto za BIOS hakuwa nazo, hakuna mwenye alimwambiaka. Fasi ya SATA ilikuwa IDE, nikawasha, buluu. Nikarudi, nikaweka AHCI. Windows ikafunguka, na pale ku dawati faili yake ya hesabu, yenye jina la mutoto wake. Alishika kichwa na mikono miwili. "Yaya, kwa hiyo diski iko muzima?" Nikamwambia kamata simu yako kwanza, nakili hesabu ku kle, kisha tupige foto za kila ukurasa, ni wewe utapiga, si mi. Akapiga kumi na moja.

Ilikuwa 17:20. Tukaizima, tukatosha kamba ku ukuta, tukakaa tukangoja, akanieleza habari za duka. Tulipoiwasha hakukuja F1. Akainama karibu na ekrani, akasoma ile kona ya chini kwa sauti: 17:34.